Mpaka wa Kitui uvukwe kwa mkataba
Na Mwende Kilonzo

Mkulima wa Mutha, Kitui Kusini, hahitaji ramani kujua kwamba mpaka wa kaunti umevukwa. Anaamka na kukuta ua wa miiba umelala chini, ndengu zimetafunwa, na matawi ya mwembe yamevunjwa juu kabisa, mahali ambapo ng'ombe hafiki. Silanga ya kijiji imebaki tope. Ngamia wamepita.

Kiangazi kinapokaza, wafugaji wa Tana River na Garissa huingia Kitui kutafuta maji na malisho. Upande wa Makueni, mifugo huvuka kutoka Kajiado. Katika ugomvi unaozuka watu wameuawa na wengine wamehama makwao. Hasira ya wenyeji ni ya haki. Lakini marufuku pekee haijawahi kumzuia mfugaji ambaye mifugo yake inakufa kwa kiu.

Ukambani, nyumbani kwa Wakamba wa Kitui na Makueni, unajua kwa uchungu mfugaji anavyoumia mpaka unapomtenga na malisho. Wakoloni walipochora rizavu ya Wakamba, nyanda za malisho za Yatta ziliachwa nje. Mifugo ikabanana, udongo ukamomonyoka, na mwaka 1938 serikali ikaanza kuwanyang'anya watu ng'ombe kwa madai kwamba wamezidi. Wakamba wa Machakos, wilaya iliyojumuisha Makueni ya leo, wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini unyang'anyi ukasitishwa.

Suala la mipaka inayotenganisha watu limefika hata ngazi ya kimataifa. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili. Ibara ya 36 inawapa watu wa asili waliogawanywa na mipaka ya nchi haki ya kuendeleza uhusiano na wenzao wa ng'ambo ya mpaka. Kenya haikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana.

Februari 2020, mawaziri wa nchi za IGAD, jumuiya ya kikanda ambayo Kenya ni mwanachama, waliidhinisha itifaki ya uhamaji wa mifugo: mifugo ipite njia zilizokubaliwa, iwe na cheti, na mfugaji atii sheria za anakoingia.

Kinachowezekana baina ya nchi kinawezekana baina ya kaunti. Magavana wa kaunti hizi wakubaliane kuhusu njia, miezi, idadi ya mifugo na fidia ya shamba lililoliwa. Anayevuka na bunduki akamatwe. Mkataba huo uandikwe kabla ya kiangazi kijacho, na wakulima wa Mutha wawe mezani unapoandikwa.