Biolojia isiyofika jikoni: kutoka Asumbi hadi Kilifi

Mpwani akisikia Asumbi huuliza ni wapi, na yamhusu nini. Asumbi iko kaunti ya Homa Bay, upande wa Ziwa Viktoria. Ni kituo cha kale cha misheni ya Kikatoliki, chenye shule ya upili ya wasichana yenye jina na chuo cha ualimu. Anayesoma ualimu pale leo, kesho huenda akapangiwa kufundisha watoto wa Msambweni au Lamu.

Kaunti hiyo ndiko serikali ilikozindulia chanjo ya malaria ya RTS,S tarehe 13 Septemba 2019, baada ya Malawi na Ghana kutangulia mwaka huo huo. Kabla ya hapo chanjo ilikuwa imejaribiwa kwa miaka mingi, na kituo kimojawapo cha majaribio kilikuwa Kilifi. Kwa hivyo jambo hili ni letu sote, watu wa ziwa na watu wa bahari.

Sasa mchukue mwanafunzi hodari wa biolojia, wa Asumbi au wa Malindi. Muulize maisha ya kimelea cha malaria. Atakutajia mbu jike wa anofelesi, atapita kwenye ini, aingie kwenye seli nyekundu za damu, achore na mchoro. Alama zote. Likizo ikifika shangazi yake amuulize, "Mwanangu alichanjwa, mbona ameugua tena malaria?" Hapo ndipo ulimi unapokwama.

Na swali la shangazi si la kijinga. Ndilo swali lenyewe. Majaribio makubwa yalionyesha kuwa dozi nne za chanjo hii huzuia takriban visa 4 kati ya 10 vya malaria katika muda wa miaka minne. Maana yake mtoto aliyechanjwa anaweza kuugua, ila huugua mara chache zaidi, na ile malaria kali ya kulazwa wodini hupungua. Chandarua hakitupwi. Katika nchi tatu za mwanzo, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Ukimtajia mama asilimia, atakuitikia tu kwa adabu. Mwambie kwamba katika kila makaburi madogo mia ambayo yangechimbwa, kumi na matatu hayakuchimbwa. Atakaa chini akusikilize.

Asipoelezwa hivyo, mtoto akipata homa mara moja mama hukata shauri kuwa chanjo ni uongo, na dozi ya nne, ambayo ndiyo wengi huikosa, haiendi kuchukuliwa.

Kwetu kuna tatizo jingine ambalo kitabu cha biolojia hakiligusi kabisa. Mtoto akikakamaa na macho kugeuka, wazee husema ni degedege, wengine nyuni, na huambiwa amepitiwa na shetani au ndege. Homa ni ya hospitali, degedege ni la mganga. Kumbe huko kukakamaa huweza kuwa ndiyo ile ile malaria, imepanda kichwani, na kila saa inayopotea njiani ni hatari. Mwanafunzi aliyefundishwa "malaria kali" bila kufundishwa kwamba nyumbani kwao inaitwa degedege hajapewa elimu atakayoweza kuitumia.

Pengo hilo halikai tupu. Pwani tuna mumiani, mnyonya damu wa tangu zamani. Nyanza wana kachinja wao. Watafiti wa KEMRI walipoanza kuchukua damu za watoto Kilifi, uvumi uliwafuata mpaka milangoni, wakaambiwa ni wanyonya damu na waabudu shetani. Waliposhughulika kweli ndipo wakaunda wawakilishi wa jamii na kuanza kukutana na wanafunzi wa shule. Utafiti wenyewe ulikuwa sahihi kabla ya hapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuueleza mapema.

Sitawalaumu walimu. Mtihani wa biolojia huulizwa kwa Kiingereza na kujibiwa kwa Kiingereza, nukta kwa nukta, na mwalimu hufundisha kitakachosahihishwa. Lakini tazama madrasa zetu: mtoto wa miaka saba husimamishwa mbele ya halaiki siku ya Maulidi, asome na sauti isikike. Biolojia haina Maulidi yake.

Mwaka huu nafasi ipo. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameingia Gredi ya 10, na miongoni mwa masomo ya lazima kuna Kiswahili na lile la kujifunza kupitia huduma kwa jamii. Mtaala wenyewe umeutaja uwezo wa kuwasiliana kuwa umilisi wa msingi. Basi huduma hiyo isiishie kufagia soko. Mwanafunzi wa biolojia apelekwe kliniki ya watoto, Asumbi kwa Kijaluo, Kilifi kwa Kigiriama au Kiswahili, akae na kina mama robo saa. Kichocho pia aeleze, na aeleze kwa mahali: cha pwani hutoa damu kwenye mkojo, cha ziwani hushika utumbo. Akikariri kitabu tu atawachanganya watu.

Alama za zoezi hilo azitoe mwalimu pamoja na muuguzi wa kliniki, naye muuguzi awaulize kina mama wenyewe, mwanafunzi akiwa ametoka nje: amesema nini huyu kijana, na dozi ya nne ni lini?