Kujifunza Kuogelea Katika Nchi ya Jangwa

Msichana wa Mombasa au Lamu anayeolewa na kumfuata mumewe Dubai au Sharjah hupewa wasia mwingi kabla ya kupanda ndege: joto, kodi ya nyumba, mavazi, namna ya kuweka akiba. Wasia mmoja siusikii ukitajwa, nami nautoa leo: akishapanga vyombo vyake jikoni, atafute darasa la kuogelea la wanawake.

Najua litakaloulizwa. Mtoto wa pwani akafundishwe kuogelea jangwani? Ndiyo. Wavulana wetu hujifunza wenyewe kwa kuruka kutoka gatini, lakini binti akishavunja ungo huambiwa bahari basi, na akina mama wengi huvuka maji kwa feri maisha yao yote bila kujua kuelea hata kwa dakika moja. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipopinduka, watu 272 walipoteza maisha. Sidai kuwa kuogelea kungewaokoa wote; penye msongamano hata hodari huzamishwa na wanaomng'ang'ania. Lakini asiyejua kabisa hana hata nafasi ya kujaribu.

Kikwazo chetu cha nyumbani ni sitara, na huko Ghuba kimekwisha kupatiwa dawa. Yapo mabwawa yenye saa za wanawake peke yao na walimu wanawake. Vazi nalo lipo: burkini, aliyoibuni Aheda Zanetti, mzaliwa wa Lebanon aliyekulia Australia, mwaka 2004. Kitambaa chake ni chepesi na hakinyonyi maji. Asiingie mtu bwawani na dera la pamba. Likishalowa humvuta chini kama mzigo.

Mimi nilijifunza Sharjah nikiwa na miaka 31. Ilikuwa Julai, mwezi ambao bomba la maji baridi hutoa maji ya moto kwa sababu tangi liko juu ya paa, na mtu hatoki mchana ila kwa dharura. Mume yuko kazini tangu asubuhi. Majirani wako nyuma ya milango iliyofungwa, kila mmoja na kiyoyozi chake. Hakuna baraza, wala mtoto wa kutumwa kuomba chumvi. Upweke wa namna hiyo umewarejesha wengine nyumbani kabla ya mwaka kutimia, na ndoa zimeyumba kwa ajili yake. Darasani nilimkuta Msudani mmoja, wawili kutoka Kerala, na bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, mwenye Kiswahili kitamu kuliko changu, aliyeshauriwa na daktari aogelee kwa ajili ya magoti.

Wiki ya kwanza hatukuogelea. Tulitumbukiza nyuso na kutoa pumzi kidogo kidogo puani ndani ya maji, kisha tukainuka na kuivuta kwa kinywa. Kazi kubwa ni hiyo, kwani mwenye hofu huzuia pumzi, mwili ukakakamaa, miguu ikazama. Baadaye tukafundishwa kuelea chali: tumbo juu, kidevu juu, masikio ndani ya maji. Hapo pa masikio palinishinda siku nyingi.

"Mwanangu, lala kama uliyelala kwa mamako," bibi yule akaniambia. "Maji hayana ugomvi nawe."

Mita 25 za bwawa nilizimaliza mwezi wa tatu. Kufikia hapo nilikuwa na nyumba nne za kualikwa, na Julai haikunitisha tena.

Bahari ya Ghuba ni jambo jingine. Ina chumvi nyingi kuliko yetu, hivyo humbeba mtu vizuri zaidi, lakini wakati wa kiangazi joto lake hupita nyuzi 30 na haimpoozi anayeogelea. Hutoka jasho asijijue. Aende alfajiri, na anywe maji kabla na baada.

Wala tusidhani wenyeji wa jangwa ni wageni wa maji. Kabla ya mafuta, Ghuba iliishi kwa lulu: mzamaji akibana pua kwa kibanio, akishuka kwa uzito wa jiwe, akivutwa juu kwa kamba. Miongoni mwao walikuwamo watumwa wengi waliotolewa Afrika Mashariki, kama alivyoandika kwa kirefu mwanahistoria Matthew Hopper. Walizama kwa amri ya mabwana. Nilipolijua hilo, sikuweza tena kuyatazama maji yale kwa jicho la mgeni.

Dada anayetaka kujiandikisha aulize haya kabla ya kulipa: Je, mwalimu na mwokoaji wote ni wanawake? Madirisha yana pazia? Simu huachwa mlangoni? Na kama ana mtoto mchanga, kuna mahali pa kumlaza karibu, ambapo atamsikia akilia?