Mcheleweshee mtoto vishindo, usimcheleweshee ujuzi: habari ya taiti endi

1/8
Kila msimu wa futiboli ya Kimarekani unapokaribia, inboksi yangu hujaa swali moja kutoka kwa mama wa huku Marekani: "Nesi, mwanangu ni mrefu, ana kifua, kocha anasema atamfanya taiti endi. Hicho ni kitu gani, na nimruhusu?"

Jibu langu: mruhusu, ila kwa masharti mawili. Moja, kocha akubali kumfundisha kazi zote mbili za nafasi hiyo. Mbili, kazi ya kugongana ije mwisho, isije mwanzo. Najua wapo watakaonipinga, hasa hilo la pili. Hebu nieleze. Tuanze na mchezo, halafu tuje kwenye mwili.

2/8
Huwezi kumuuliza kocha swali la maana kama hujui mtoto anafanya nini pale uwanjani. Kila upande una watu 11. Wenye mpira wana majaribio manne ya kusogea yadi 10, wakishindwa mpira unaenda kwa wenzao. Katika kila jaribio kuna njia mbili kubwa: kukimbia na mpira au kuurusha. Walinzi kazi yao ni kubashiri ni ipi. Wakibashiri sawa, hufiki popote.

Mrushaji anaitwa kwotabeki. Mbele yake kuna majitu matano ya kumkinga, na hao kwa kawaida hawaruhusiwi kudaka pasi. Pembeni kabisa wako wadakaji, wembamba wenye mbio. Taiti endi ni mtu wa katikati ya makundi hayo. Anasimama begani kwa jitu la mwisho kwenye mstari. Anaweza kubaki hapo akamzuia mlinzi ili mwenzake apite na mpira, au anaweza kuchomoka akadaka. Ndiyo maana makocha wanatafuta mtoto mrefu, mwenye nguvu na mikono mizuri.

3/8
Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye utamu. Ukimwona mtu amebeba mwavuli, unajua anaogopa mvua. Ukimwona mama amebeba leso, hujui kitu. Labda atamfunga mtoto mgongoni, labda atajitanda, labda anaenda kufungia mzigo sokoni. Leso haisemi siri ya mwenyewe.

Taiti endi anayejua kuzuia tu ni mwavuli. Akiingia uwanjani, walinzi wote wanaambiana, "Hawa wanakimbia na mpira." Anayejua kudaka tu naye ni mwavuli, maana akiingia wanajua mpira utarushwa. Lakini anayefanya yote mawili vizuri ni leso. Amesimama pale pale, kwa mkao ule ule, na hakuna anayejua kitakachofuata.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalioni kwenye TV. Kabla ya kila jaribio, kocha wa walinzi huangalia nani wameingia upande wa pili, naye anachagua watu wake. Akiona miili mikubwa analeta walinzi wazito. Akiona wadakaji wengi analeta wepesi. Ukiwa na taiti endi wa kazi mbili, chaguo lolote atakalofanya linamgeukia. Akileta wazito, kijana anawatoroka na kudaka. Akileta wepesi, kijana anawasukuma na mwenzake anapita na mpira. Na timu ikianza jaribio linalofuata harakaharaka bila kubadilisha wachezaji, walinzi hawapati hata nafasi ya kurekebisha.

4/8
Sio nadharia hii. Mwaka 2011 timu ya New England Patriots ilikuwa na wawili wa aina hiyo kwa pamoja. Rob Gronkowski alidaka pasi 90 kwa yadi 1,327 na tachidauni 17 za kudaka. Aaron Hernandez alidaka 79 kwa yadi 910, na mara nyingine walimweka nyuma kabisa, mahali pa wakimbiaji, wakampa mpira akimbie nao. Timu ilishinda mechi 13 kati ya 16 na kufika Super Bowl. Lakini Gronkowski alikuwa ameumia kifundo cha mguu kwenye mechi iliyotangulia. Siku ya fainali alidaka pasi mbili tu, na New York Giants wakashinda 21 kwa 17. Ona jinsi mwili mmoja ukiumia, ile siri yote ya timu inavyopungua thamani.

Wa siku hizi mnawajua. Travis Kelce wa Kansas City Chiefs alipata yadi 1,416 mwaka 2020, nyingi kuliko taiti endi yeyote kabla yake kwa msimu mmoja. Rekodi hiyo aliitoa kwa George Kittle wa San Francisco 49ers, aliyepata 1,377 mwaka 2018. Na Kittle huyo huyo anasifiwa kwa namna anavyowafagia walinzi njiani, kazi ambayo haiandikwi kwenye takwimu za magazeti. Mwaka 2021 wawili hao pamoja na Greg Olsen walianzisha mafunzo ya kiangazi ambapo mataiti endi hukutana na kufundishana. Watu wazima, wameshatajirika, na bado wanajifunza kazi ya nafasi yao.

5/8
Najua kuna shangazi ataniambia, "Nesi, mshika mbili moja humponyoka." Ni kweli kabisa kwa anayeshika mbili kabla hajajua kushika moja. Taiti endi asiyejua kuzuia akiwekwa mbele ya mlinzi mzito, anayepigwa chini ni kwotabeki, yaani mtoto wa mama mwingine. Kwa hiyo sisemi mtoto afanye yote kwa mara moja. Nasema kuna mpangilio, na mpangilio wenyewe uko kwenye maisha ya hao hao tunaowashangilia.

Tony Gonzalez alikuwa anacheza futiboli na mpira wa kikapu pale chuoni California. Antonio Gates hakucheza futiboli ya chuo hata mechi moja. Alikuwa mtu wa kikapu pale Kent State, na akaenda kufunga tachidauni 116 katika NFL, nyingi kuliko taiti endi mwingine yeyote. Jimmy Graham alicheza kikapu miaka minne pale Miami, futiboli mwaka mmoja tu, na mwaka 2011 akadaka pasi 99 akiwa na New Orleans Saints. Kelce alikuwa kwotabeki haiskuli.

Umeona kinachofanana? Mikono, miguu, na macho ya kusoma mchezo walivipata kwenye kikapu, au kwa kucheza nafasi nyingine. Kuzuia kwa kiwango cha juu wengi wao walikuja kukijenga wakiwa wakubwa, mifupa imekomaa. Kwa hiyo kocha akikwambia mtoto wa miaka tisa lazima aanze kugongana sasa la sivyo amechelewa, mwulize Gates alichelewa wapi.

6/8
Sasa nivae sare yangu ya kazi. Taiti endi wa kazi mbili anabeba vishindo vya aina mbili. Akizuia, anakutana na mlinzi mzito jaribio baada ya jaribio. Akidaka katikati ya uwanja, anagongwa na mtu aliyekuja mbio huku macho yake yako kwenye mpira. Kazi mbili maana yake mwili unalipa mara mbili. Hilo makocha wengi hawalisemi kwenye mkutano wa wazazi, na mimi siwezi kulinyamazia.

Kumbukeni jina la John Mackey. Alianza na Baltimore Colts mwaka 1963, na ni mmoja wa watu waliofanya taiti endi aogopwe kama mdakaji. Aliingia kwenye Jumba la Mashujaa la futiboli mwaka 1992. Baadaye akapoteza kumbukumbu kabisa. Mkewe, Sylvia, alimwandikia mkuu wa NFL barua kueleza maisha ya nyumba yenye mgonjwa wa aina ile. Mwaka 2007 ukaanzishwa mpango wa kuwasaidia wachezaji wastaafu wenye ugonjwa wa kusahau, hadi dola 88,000 kwa mwaka. Unaitwa Mpango wa 88, kwa namba ya jezi ya Mackey. Alifariki 2011, na ubongo wake ukakutwa na ugonjwa unaoitwa CTE.

Hernandez niliyemtaja juu mtamtafuta mtandaoni, basi niseme mwenyewe: alihukumiwa kwa mauaji, akafia gerezani mwaka 2017 akiwa na miaka 27, na ubongo wake ulikuwa na CTE kali kwa umri ule. Sisemi ugonjwa ndio uliotenda kosa. Nasema ubongo wa kijana wa miaka 27 ulikuwa vile.

CTE inahusishwa na miaka mingi ya vishindo vya kichwa, hata vile vidogo visivyomwangusha mtu. Helmeti inasaidia fuvu lisipasuke. Haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike ndani.

7/8
Kwa hiyo fanya hivi mama.

Mtoto wa shule ya msingi, mwanzishe na futiboli ya kuchomoa kitambaa kiunoni, isiyo na kuangushana. Pale anajifunza kudaka, kukata kona na kumsoma mlinzi. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, AAP, kinaunga mkono ligi za aina hiyo ziongezwe. Chama hicho hicho kinashauri mtoto asifungwe kwenye mchezo mmoja kabla ya miaka 15 au 16. Kikapu akipende, aogelee, akimbie. Vyote vinamjenga taiti endi.

Akifika haiskuli, muulize kocha maswali matatu bila aibu, hata kama Kiingereza chako kinakwama:
Atafundishwa kudaka, au mmemchukua awe ukuta tu?
Kwa wiki mnafanya mazoezi ya kugongana siku ngapi, dakika ngapi?
Akigongwa kichwa, nani anaamua atoke, na yuko uwanjani kila mechi?

Kocha mzuri atafurahi. Akikujibu, "Mama, niachie mimi," hilo nalo ni jibu.

8/8
Mwisho, ile karatasi ya mtikisiko wa ubongo wanayokuletea usaini kabla ya msimu, isome. Omba mkalimani kama huielewi. Majimbo yote 50 yana sheria kuhusu jambo hili, ya kwanza ikiwa ya Washington mwaka 2009, na zimeletwa kumlinda mtoto wako.

Dalili za kuangalia: kichwa kuuma, kichefuchefu, kuona maluweluwe, kukerwa na mwanga, kujibu polepole, kurudia swali lile lile, usingizi au hasira zisizo za kawaida. Ukiona hata moja baada ya kugongwa, hachezi siku hiyo, na harudi mpaka mtaalamu wa afya amruhusu. Akitapika tena na tena, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, au ukimwamsha haamki, piga 911. Usisubiri baba arudi kazini.

Na umwambie mwanao mwenyewe, kwa lugha anayoisikia vizuri, kwamba kusema "kichwa kinaniuma" sio uoga. Timu inamhitaji kwa sababu walinzi hawajui atafanya nini. Akiwa na ukungu kichwani, hata yeye hajui atafanya nini.

Una mama mwenzako ana kijana mrefu? Mtagi hapa chini. Maswali niandikieni, nitajibu nikitoka zamu.