Nyonga mpya haiishii mikononi mwa daktari

Wiki mbili zilizopita nilikuwa mpakani Kobero. Nilimkuta mama mmoja mfanyabiashara wa mchele ameegemea ukuta, magongo yake mawili yako kando. Nilipomjulia hali alinijibu hivi: "Kaka, nilibadilishwa nyonga huko ng'ambo. Wiki ya nne nikainama kuinua gunia, nikasikia kitu kimechomoka." Nyonga aliyouza kiwanja ili kuipata ilikuwa imetoka mahali pake. Ilibidi arudi hospitali, apewe dawa ya usingizi, ndipo irudishwe.

Sikuweza kumlaumu. Mimi pia natembea na nyonga ya bandia, na mimi pia nilikosea. Tunakusanya pesa kwa taabu, tunauza, tunakopa, tunavuka mpaka kwenda kupasuliwa, lakini hatujiandai kwa yale yanayotangulia upasuaji na yale yanayoufuata. Ndiyo sababu nimeona niliseme jambo hili leo.

Kwanza tuelewe ugonjwa wenyewe. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo, nacho huzunguka ndani ya tundu la mfupa wa nyonga. Gegedu laini ndilo linalozuia mifupa hiyo isisagane. Gegedu likilika, au kichwa cha mfupa kikifa kwa kukosa damu, maumivu huanza kwenye kinena na mara nyingi hushuka hadi gotini. Matokeo yake wapo wanaopaka dawa goti miaka mitatu, kumbe ugonjwa uko nyongani.

Mfupa huweza kufa kwa ajili ya ajali, ugonjwa wa selimundu, pombe nyingi ya muda mrefu, au dawa za jamii ya steroidi zinazotumiwa ovyo. Hapa nawaonya wafanyabiashara wenzangu wanaochomwa sindano madukani bila cheti ili waweze kubeba mizigo ya siku hiyo. Sindano inayokutuliza leo, ukiizoea, inaweza kuwa ndiyo inayokuulia mfupa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Upasuaji wenyewe si jambo la kubahatisha. Msingi wake wa kisasa uliwekwa na daktari John Charnley wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipotumia kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliotumia rekodi za wagonjwa wa ng'ambo, ulionyesha kwamba nyonga bandia kama 58 katika kila 100 hudumu miaka 25. Hizo ni habari njema, ila nyonga hudumu kwa kutunzwa.

Maandalizi huanza wiki kadhaa kabla ya safari. Mwenye kisukari au shinikizo la damu ahakikishe vimedhibitiwa. Mwenye jino bovu alitibu kwanza, kwa kuwa vijidudu vya kinywani huweza kupita kwenye damu na kukaa kwenye kile chuma. Mvutaji sigara aache, maana sigara huchelewesha kidonda kupona. Mweleze daktari kila dawa unayotumia, pamoja na miti shamba, kwani nyingine huzuia damu kuganda na zinaweza kukutoa damu nyingi mezani.

Kisha tazama nyumba yako. Vitabu vya hospitali huzungumzia choo cha kukalia na kitanda kirefu, lakini sisi tuna choo cha shimo, kigoda na mkeka. Kabla ya kuondoka, mwite fundi seremala akutengenezee kiti imara chenye tundu, kiwekwe juu ya shimo la choo. Kitanda na kiti viinuliwe hadi ukikaa magoti yasipande juu ya nyonga. Ondoa mikeka inayoteleza njiani. Tafuta mtu wa kukuchotea maji na wa kukushikia biashara kwa miezi mitatu. Ukiona huna mtu huyo, hujawa tayari kwa safari.

Baada ya upasuaji usishangae wauguzi wakikusimamisha siku hiyohiyo au kesho yake. Si ukatili. Kulala tu huleta damu kuganda miguuni. Chezesha nyayo juu na chini mara kwa mara, na umeze dawa ulizopewa hadi ziishe. Kwa wiki 6 hadi 12, kwa kadiri daktari atakavyoelekeza, wagonjwa wengi hukatazwa kuinama kupita kiasi, kukunja nne na kugeuzia mguu ndani. Kwetu maana yake ni kwamba usichuchumae, usikae chini, na usiguse gunia. Ndugu zangu Waislamu wa Buyenzi na kwingineko, swalini mmeketi kwenye kiti. Dini haimkalifishi mgonjwa.

Safari ya kurudi nayo ina hatari zake. Kutoka Dar es Salaam hadi Kobero ni zaidi ya kilomita 1,000. Usipande basi kabla daktari hajakuruhusu, na ukiruhusiwa, shuka utembee kila basi linaposimama. Muundi ukivimba na kuuma, pumzi ikikata au kifua kikibana, nenda hospitali saa hiyohiyo. Kidonda kikitoa majimaji au homa ikipanda, usisubiri Jumatatu.

Sasa nieleze kosa langu. Niliondoka hospitali na furaha ya kuweza kutembea, bila karatasi yoyote mkononi. Miaka miwili baadaye nilianguka, na daktari wa huku akaniuliza, "Umewekewa kiungo cha aina gani, saizi gani?" Sikuwa na jibu. Hospitali ile nilipoipigia simu, faili langu halikuonekana. Kwa bahati nyonga ilikuwa salama. Ingekuwa imevunjika, fundi angefungua mashine asiyoijua. Viungo hivi huja na vibandiko vyenye jina na namba. Dai nakala yake, iweke pamoja na kitambulisho chako. Sisi tuliorejea kutoka makambini tunajua vizuri gharama ya kupoteza karatasi.

Lakini mzigo huu usiachiwe mgonjwa peke yake. Hospitali zinazotupokea hazina budi kumpa kila mgonjwa maelezo aliyoandikiwa kwa lugha anayoisoma, Kiswahili au Kirundi, yakitaja choo chetu na mizigo yetu. Wakuu wa afya wapeleke wataalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali za mipakani, kwa sababu mguu usiofanyishwa mazoezi hubaki dhaifu. Nao maafisa wa mpakani wampe kiti mwenye magongo na wamhudumie kwanza. Hilo halihitaji bajeti.

Mama wa Kobero bado anadaiwa, na mchele wake unauzwa na wengine. Alichokosa ni mtu wa kumwambia, kabla hajauza kiwanja, kwamba gunia lingepaswa kusubiri. Wewe uliyesoma haya, mwambie jirani yako anayechechemea.