Chanjo inafika salama, kiazi ndicho kinaoza?

Timu ya afya inapokwenda vijijini kwa huduma za mkoba, kuna kitu kimoja ambacho hakisahauliki hata siku moja: kasha la chanjo. Vibarafu vinagandishwa tangu jana yake, kipimajoto kinasomwa kabla gari halijawashwa, na chanjo inatoka kwenye ubaridi wa Mbulu mjini hadi bondeni Yaeda Chini, kwenye jua la kukausha koo, ikiwa bado kati ya nyuzi 2 na 8. Saa tisa alasiri timu hiyohiyo, iliyoshinda ikiwafundisha akina mama makundi ya vyakula, inarudi mjini na njaa ya tangu alfajiri. Inaagiza chipsi mayai na soda. Ukiuliza kwa nini hawakubeba chakula, unajibiwa kwa mshangao: "Kibebwe chakula fildi? Si kitaharibika!"

Nimesafiri na timu za namna hiyo, na hizo chipsi nimezila nikalamba vidole. Siandiki haya kwa kuwa mimi ni mlokole wa mboga za majani. Ila nimechoka na hii imani kwamba mtu wa kazi za safari hana budi kula anachokikuta. Utaisikia kwa afisa ugani anayezunguka mashamba ya ngano ya Basotu, utaisikia kwa mkaguzi anayelala gesti Katesh, na wote wanaisema kwa sauti ya mtu aliyeonewa, utadhani kuna aliyewashikia fimbo.

Nani kawaambia Mbulu na Hanang ni jangwa? Hii ni nchi ya maharage, mbaazi, ngwara, mahindi, viazi na maziwa. Vitunguu saumu vya Mbulu vinapandishwa kwenye malori kwenda kuungia mboga za watu wa mbali. Anayetoka Arusha anaupita mchele wa Magugu kabla hajafika Babati. Mtu anapita katikati ya chakula chote hicho, vioo vya gari vimefungwa kwa sababu ya vumbi, kisha anatuambia safarini hakuna cha kula.

Tuanze na huko kuharibika. Viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake vinafika mchana bila matatizo. Karanga, ndizi na parachichi havihitaji hata maelezo. Makande yakitiwa kwenye hotipoti yakiwa yanachemka, saa saba bado yanatoa mvuke. Mtindi ulishaganda wenyewe kabla hujaondoka, na mchungaji wa Kibarbaig anayetembea na kibuyu hakusubiri semina ili alijue hilo. Kinachoharibika kweli ni kile tunachokiona cha heshima: wali wa jana usiku. Wali uliokaa nje saa nyingi huota vijidudu vinavyoacha sumu ambayo hata ukiupasha moto haiondoki. Basi acha wali nyumbani. Mtu anayeweza kulinda chanjo siku nzima bondeni hawezi kunishawishi kwamba kiazi kimemshinda.

Wengine hukimbilia gharama. Hapo naomba tuheshimiane. Tangu Julai 2022 posho ya kujikimu ya mtumishi wa serikali anayesafiri ndani ya nchi ni shilingi 100,000 kwa siku kwa kima cha chini na 250,000 kwa kima cha juu. Anayekula chipsi na soda kwa siku tano anafanya hivyo kwa sababu hizo hela zina kazi nyingine nyumbani: ada, mabati, mbolea. Simlaumu, ningefanya hivyohivyo. Lakini kama lengo ni kubana matumizi, kiazi cha nyumbani ni cha bei gani? Na soda ile ya kola ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai karibu tisa. Chai yenye vijiko tisa, mtu huyohuyo angeimwaga.

Kuna utetezi mwingine ninaousikia zaidi kwa wanaume, tena wakiwa wanajipigapiga tumbo: "Fildi tunatembea sana, yote inayeyuka." Bahati mbaya kwao, jambo hili limepimwa hapahapa karibu yetu. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Herman Pontzer walichapisha matokeo ya kupima nguvu ambayo miili ya Wahadzabe, wawindaji wa pande za Yaeda Chini, hutumia kwa siku. Mwanamume wa Kihadzabe alikuwa akitembea wastani wa kilomita 11 hivi kila siku. Watafiti walitarajia mwili wake uwe unaunguza chakula kingi kuliko wa karani wa Marekani. Ukubwa wa miili ulipozingatiwa, matumizi yakawa karibu sawa! Kutembea kuna faida zake kwa moyo na kwa usingizi, hilo halina ubishi. Lakini kama miguu ya mwindaji wa Yaeda Chini haimpi ruhusa ya kula bila hesabu, sembuse yako wewe unayeshushwa na Landikruza mlangoni kwa mtendaji wa kijiji? Mhadzabe huyo hanenepi kwa sababu anakula mizizi, ubuyu, matunda, nyama na asali aliyoifuata mwenyewe mtini. Chumvi ya muuza chipsi haijui. Sisi tunaijua vizuri. Utafiti wa kitaifa wa mwaka huohuo wa 2012 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu.

Sasa niseme ninachoamini ndicho chanzo chenyewe. Ni aibu. Hotipoti kwenye gari la ofisi inakushusha cheo. Kubeba chakula ni mambo ya vibarua na watoto wa shule. Bosi huketi, huagiza, husubiri kuletewa maji ya kunawa. Niliwahi kufungua viazi vyangu mbele ya wenzangu, mmoja akauliza kama nyumbani kuna msiba wa hela. Kicheko kikapita gari zima, dereva naye akachangia. Robo saa baadaye yule aliyeuliza aliomba kimoja, "cha kuonja tu".

Na aibu hiyo ina ndugu yake. Wanaume wengi wanaposema "hakuna muda wa kuandaa", wanamaanisha mke hakuamka saa kumi alfajiri kuwaandalia. Viazi vinachemka vyenyewe, mzee. Wewe kazi yako ni kuwasha moto jana yake jioni.

Simsemi mama ntilie hapa. Wali wake, maharage na mchicha ni mlo mzuri kuliko chipsi, na ukimkuta, kula. Wala sisemi mtu akatae anachokaribishwa kijijini. Ukipewa ugali na maziwa kwenye nyumba ya watu halafu ukafungua begi lako, umetukana, na mkutano wako wa alasiri ujue umekufa. Nyama choma ya mnadani nayo nitaendelea kuila, kwa sababu mnada si wa kila siku. Ninaowasema ni wale ambao kila siku ya kazi kwao ni mnada.

Wiki ijayo gari linatoka Babati saa kumi na mbili asubuhi, linapita Dareda kwenda Mbulu. Nitakuwa kiti cha nyuma na viazi vinane: vinne vyangu, vinne vya wanaoonja. Kachumbari nitaifunga kwenye kopo, ila kitunguu saumu nitakiacha nyumbani. Tutakuwa sita ndani, na vioo, kwa sababu ya vumbi, vitakuwa vimefungwa.