Makumbusho Yaanzie Katika Maneno

Neno makumbusho limetokana na kitenzi kumbusha, nacho kimezaliwa na kumbuka. Ndani ya neno hilo yupo anayekumbusha, na yupo anayekumbushwa. Nyumba iliyojaa vitu lakini haimkumbushi mtu jambo lolote ni ghala tu.

Niliyawaza haya nilipoitembelea Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, kisha nikavuka kuingia Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano. Leo anwani yake ni Mtaa wa Shaaban Robert. Malenga analinda mlango wa kumbukumbu za taifa: pana funzo hapo kwetu sisi wapenzi wa lugha.

Mimi ni wa Magamba, Mpanda. Mkoa wetu wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, lakini jina lake ni la kale. Masimulizi humtaja Katabi, mwindaji ambaye roho yake huaminika kukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu wamekuwa wakipeleka sadaka pale. Mkwaju ule ni bustani na makumbusho kwa pamoja, nao husimama kwa nguvu ya simulizi. Siku simulizi ikikatika, utabaki mti wa kivuli.

Ndiyo maana nasema: tusingoje majengo. Ngoma iliyopoteza jina lake la Kibende, Kikonongo au Kipimbwe ni gogo na ngozi. Jina ndilo hueleza ilipigwa lini, na nani, kwa furaha au kwa msiba.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, na kuzifukua lugha za makabila ni kurudi nyuma. Hoja hiyo naiheshimu, ila siikubali. Bustani yenyewe ni neno la Kiajemi, lenye maana ya mahali pa harufu nzuri. Kiswahili kilichokopa Uajemi bila kupungua, kitapungukiwa na nini kikikopa Mpanda?

Basi, malenga wenzangu, kila mmoja aketi na mzee wake, aandike maneno kumi, maana zake na kijiji yalikosemwa. Kisha tuyatungie mashairi. Neno likiingia katika wimbo, hupata mlinzi asiyelipwa mshahara.