Si kila kitambaa laini kinafaa
Ndugu mwandishi, pale uliposema kitambaa chochote laini kinatosha kukaushia gari, sikubaliani nawe. Kinachochubua rangi ni mchanga ulionasa kwenye kitambaa. Hapa Dar, kwenye sehemu za kuoshea magari, utakuta kitambaa kimoja kinapita kwenye rimu, kisha milango, kisha boneti. Kikidondoka chini kinakung'utwa tu, kazi inaendelea. Gari langu jeusi limebaki na mistari ambayo yote huonekana jua likipiga. Na wewe uliyeuliza kwenye maoni hapo juu kama uliache gari likauke lenyewe juani, usithubutu, hasa ukiliosha kwa maji ya kisima yenye chumvi: yataacha madoa meupe. Badala yake, tandaza taulo la maikrofaiba juu ya bodi, livute taratibu bila kukandamiza. Ukilifua, usitie dawa ya kulainisha nguo, halitanyonya maji vizuri tena.